Mumeo Hakukudharau, Aliisoma Pasipoti Yako

*Shangazi, niliolewa miezi miwili iliyopita na nikachukua jina la mume wangu. Alipokata tiketi za fungate aliandika jina langu la ubini, na mama mkwe akamuunga mkono akisema jina jipya lingesubiri. Niliumia sana. Baadaye tiketi yangu ilibadilishwa ikawa na jina la ndoa, lakini tulipofika uwanja wa ndege nilizuiwa, ingawa nilikuwa na cheti cha ndoa mkononi. Sasa anapanga safari nyingine mwezi ujao na anataka tena jina la zamani. Nimemwambia siendi. Je, mwanamume anayeona haya kunipa jina lake ananipenda kweli? – Mke Asiyetambuliwa*

Mwanangu, pole kwa fungate iliyoishia kwenye kaunta ya uwanja wa ndege. Pole hiyo naitoa kwa moyo wote, na sasa nivumilie, kwa kuwa barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimekwama mahali pamoja.

Katika barua hiyo kila tendo lina mwenyewe: mume alikata tiketi, mama mkwe alisema, wewe uliumia. Tendo moja tu halina mtendaji, nalo ni tiketi "kubadilishwa". Ilibadilishwa na nani? Mumeo hakuwa na sababu ya kufuta alichokiandika mwenyewe, mama mkwe alitaka jina lisubiri, na shirika la ndege halibadilishi jina la abiria bila kuombwa. Naamini ni wewe uliyewaomba, na kwa jinsi ulivyolikwepa hilo hata mbele yangu, nashuku kwamba mumeo hadi leo anadhani kosa lilikuwa la shirika.

Basi nasimama upande wake waziwazi. Jina la kwenye tiketi hufuata jina la kwenye pasipoti, wala halifuati sherehe. Chini ya ukurasa wenye picha yako kuna mistari miwili, kila mmoja una herufi na alama 44, iliyowekwa kwa utaratibu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ili mashine isome jina lako. Na mashine hiyo haina mahali pa kusomea cheti cha ndoa. Cheti kinaweza kumsaidia ofisa kuelewa kwa nini majina yanatofautiana, na ni vyema kukibeba, lakini si hati ya kusafiria, na shirika la ndege halilazimiki kukikubali. Mumeo aliyajua hayo, akaandika jina ambalo lingekufikisha salama. Wewe ukaliita dharau tendo lililokuwa la kukutunza.

Na mama mkwe alikukosea nini? Alisema jina lisubiri, hakusema lisitumike. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lililovunjika hapa ni fungate yenu.

Wanandoa wengi wa siku hizi wanadai ndoa yao ionekane kila mahali, kwenye picha, kwenye simu na kwenye karatasi, huku ndani ya nyumba wakifichana mambo yenye uzito. Nchini Ugiriki tangu 1983, na katika jimbo la Quebec huko Kanada tangu 1981, mke huendelea kutumia jina lake la kuzaliwa katika mambo ya kisheria, na hakuna anayesema kwamba wake wa huko hawajaolewa. Kulitaka jina la mumeo si kosa, tena ni jambo zuri ukilipenda. Kosa ni kulifanya mizani ya kumpimia mapenzi, kisha ukashika simu kwa siri ili mizani ielemee upande wako.

Kuhusu safari ya mwezi ujao, nenda kwa jina la zamani, mradi pasipoti yako bado ina muda wa kutosha, kwani nchi nyingi hutaka ibaki na angalau miezi 6. Kwa kawaida ndoa haiifuti pasipoti. Tiketi, viza na bima ya safari vyote vibebe jina hilo moja, na fomu ikiuliza majina mengine unayotumia, hapo ndipo uandike la ndoa. Usiombe pasipoti mpya sasa, kwa sababu mara nyingi utatakiwa kuikabidhi ya zamani, na mwezi ukiisha kabla mpya haijatoka utabaki nyumbani kwa mara ya pili. Ukirudi, peleka maombi pamoja na cheti cha ndoa, na usikubali tiketi yoyote ya jina jipya ikatwe kabla hujaishika pasipoti mpya mkononi. Itakuwa na namba mpya, hivyo kibali cha kielektroniki cha kuingia nchi fulani kilichofungwa kwenye namba ya zamani kitahitaji kuombwa upya, na kama una viza ambayo muda wake haujaisha, uliza ubalozi husika kabla ya kuitegemea.

Lakini kabla ya tiketi kuna mazungumzo. Mficha uchi hazai. Leo jioni mwambie mumeo kwamba ni wewe uliyebadilisha jina, mwambie na sababu yake, kwamba uliogopa haonei fahari kukuoa, kwa maana hofu hiyo ni ya kweli na hajawahi kupewa nafasi ya kuijibu. Kisha mpigie mama mkwe, umwombe radhi.