Ukumbi mdogo wa sanaa chuoni: uliza kwanza kiyoyozi kitakaa wapi

Ukiingia kwa mara ya kwanza kwenye kamati ya ujenzi wa ukumbi wa sanaa chuoni, utaonyeshwa michoro ya viti vizuri na vioo vya mbele. Iweke kando kwanza. Uliza kiyoyozi kitakaa wapi.

Niliwahi kukaa safu ya tatu katika ukumbi mpya kabisa. Mwigizaji alinong'ona maneno ya mwisho ya mchezo, nami nikasikia upepo tu kutoka juu ya kichwa changu. Mabomba ya hewa yalikuwa yamepunguzwa upana ili kuokoa fedha. Bomba jembamba huisukuma hewa kwa kasi, na hewa ya kasi hupiga kelele. Dari ikishafungwa, dawa yake ni kubomoa. Yule binti mwigizaji alikuwa amefanya mazoezi miezi mitatu.

Kosa la namna hii ni la zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua jumba la makumbusho la Fogg, na katika ukumbi wake wa mihadhara kila neno lilivuma kwa zaidi ya sekunde 5, likimeza yanayofuata. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alikesha humo na bomba la kinanda na saa ya kupimia, akiingiza na kutoa mito ya viti iliyoazimwa Sanders Theatre, ukumbi mwingine wa chuo hicho. Ndipo ikajulikana kwamba mvumo hutegemea ujazo wa chumba na vitu vinavyonyonya sauti. Mchezo wa kuigiza hutaka takriban sekunde 1. Muziki wa ala usio na vipaza sauti hutaka zaidi. Kwa hiyo pigania mapazia mazito ya kufunika na kufunua kuta. Bajeti ikifyekwa, hayo ndiyo hutangulia kukatwa, kwa kuwa hayaonekani pichani.

Sakafu ya jukwaa iwe ya mbao zinazonesa, si mbao zilizolazwa juu ya zege. La sivyo, magoti ya wachezaji ngoma yataumia. Mlango wa kuingizia mandhari, yaani mapambo ya jukwaa, uwe mpana.

Kabla ya kupitisha mchoro, shika kalamu ufuate njia ya mwigizaji anayetoka kushoto na kutakiwa kuingia kulia baada ya sentensi mbili. Kalamu ikipita katikati ya watazamaji, rudisha mchoro.