Kisiwa cha Mtoni Kinachopwa na Kujaa

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu alituachia redio ya kuzungusha kwa mkono, isiyotumia betri. Nimesoma kwamba mvumbuzi wake, Trevor Baylis, aliishi katika kisiwa kidogo cha mto Thames mjini London, ambako hakuna magari na maji hupwa na kujaa. Inakuwaje maji ya mto yapwe na kujaa? Tena, wakazi wake ni watu wa vyombo kweli, au wanakaa tu karibu na maji?
*Msomaji, Lamu*

JIBU: Ndugu msomaji, tunakupa pole kwa kuondokewa na mzazi. Kisiwa hicho ni Eel Pie Island, kilichoko Twickenham, magharibi mwa London, na jina lake linatokana na pai za mkunga walizouziwa zamani watu waliotua hapo kwa mashua. Baylis aliishi kisiwani hadi alipofariki Machi 2018. Wazo la redio hiyo lilimjia mwaka 1991, alipotazama kipindi cha televisheni kuhusu Ukimwi barani Afrika na kusikia kwamba mafunzo ya kinga hayawafikii wengi kwa kukosa umeme na kwa ughali wa betri.

Ama kuhusu maji, mtu wa Lamu ataelewa upesi. Bahari ya Kaskazini inapojaa, husukuma maji ya Thames yarudi juu, yakapita katikati ya London hadi kwenye malango ya kuzuia maji ya Teddington, mbele kidogo ya kisiwa. Zamani Daraja la London lilikuwa na nguzo nyingi nene zilizozuia maji yasitoke kwa kasi; lilipobomolewa, baada ya daraja jipya kufunguliwa mwaka 1831, maji yakawa yanakimbilia baharini na vyombo vya Twickenham vikapwelewa topeni. Ndiyo sababu mwaka 1894 yalifunguliwa malango ya Richmond, upande wa chini wa kisiwa kuelekea baharini, ambayo hunyanyuliwa kwa saa kama mbili kabla na mbili baada ya maji kujaa, kisha huteremshwa ili kina kisipungue mno. Kila mwaka, karibu na Novemba, huachwa wazi kwa majuma kadhaa ili yatengenezwe, na maji yakipwa utaona mashua zimelala ubavu juu ya changarawe, kamba zao zikiwa zimelegea. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, mambo hugeuka: barabara ya ukingoni Twickenham hufunikwa, na mgeni aliyeegesha gari bila kuuliza hulikuta limezingirwa na maji.

Kuhusu wakazi, si wote walio watu wa vyombo. Nyumba ni kama 50 na watu kama 120, wakiwemo wasanii wengi. Daraja la miguu lilijengwa mwaka 1957. Kabla yake kila kitu kilivushwa kwa maji, na hata leo mizigo mingi hukokotwa darajani kwa mikono, bila punda wa kuwasaidia kama kwenu. Klabu ya wapiga makasia iliyoko hapo ilianzishwa mwaka 1860. Hoteli iliyokuwa maarufu kwa muziki, ambako bendi ya Kiingereza ya Rolling Stones ilipiga mwaka 1963, iliteketea mwaka 1971.

Kwa maoni yetu, jibu la swali lako liko kwenye chelezo, yaani ule mteremko unaoingia majini ambako chombo hupandishwa ili kitengenezwe. Fundi husubiri maji yajae, chombo kikaletwa juu ya kitanda chake cha magurudumu, kisha kikavutwa polepole kwa waya hadi nchi kavu, kikitiririsha maji na mwani; hapo ndipo hukwanguliwa, mbao zilizooza zikatolewa na nyufa zikatiwa kalafati, yaani pamba ya kuziba maji. Fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi huko kwenu Lamu, angeijua kazi hiyo kwa kuitazama tu. Moto wa mwaka 1996 uliunguza karakana za mashua pamoja na vyumba vya wasanii, lakini ufundi haukukoma. Tunachokihofia zaidi ni bei ya ardhi. Uwanja wa chelezo ukishageuzwa kuwa nyumba za kuuza haurudi tena, na mwenye mashua hulazimika kutafuta fundi mbali, wakati mafundi wa mtoni wanazidi kupungua. Chelezo zikibaki, hao ni watu wa vyombo. Zikiondoka, watakuwa majirani wa maji tu.