Nimekaa miaka 9 bila kuendesha lori, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka 12, nikaacha, na sasa ni mwaka wa 9. Leseni nimeshaihuisha, macho na presha vimepimwa. Tajiri mmoja anataka nianze wiki ijayo na semi ya gia otomatiki. Wenzangu wanasema udereva haupotei, nikikaa kwenye usukani siku moja tu mikono itakumbuka yote. Kuna pia jamaa anayetoa cheti cha mafunzo ya kujikumbusha, kozi ya siku moja. Nichukue?

Jibu: Marahaba. Leseni na vipimo umeshamaliza, kwa hiyo niende moja kwa moja kwa hao wenzako. Karibu kila dereva anayerudi barabarani huja na maneno hayo hayo, kwamba mikono itakumbuka. Itakumbuka kweli, lakini itakumbuka lori uliloliacha miaka 9 iliyopita, na wiki ijayo hupandi hilo.

Chukua klachi. Kwenye gia otomatiki pedali yake haipo, ila mguu wa kushoto haujaambiwa. Mwendo ukipungua, mguu unaitafuta klachi, unakutana na ukingo wa pedali ya breki, na unaikanyaga kwa nguvu ile ile ya klachi. Lori linafunga ghafla katikati ya barabara na aliye nyuma yako hana habari. Saa za mwanzo zimalizie yadi: mguu wa kushoto ulale sakafuni, uondoke na kusimama, uondoke na kusimama, mpaka mguu huo utulie. Mlimani nako, ulizoea kulishikilia lori kwa klachi na mafuta. Klachi bado ipo ndani, ila sasa kompyuta ndiyo inayoifungua na kuifunga. Ukilishikilia lori la tani 40 kwa mafuta, klachi inateleza mpaka inaungua. Tumia breki.

Kuteremka frii, yaani gia ikiwa imetolewa, ndiko kunakoniudhi zaidi, maana wapo wanaowafundisha wenzao eti ni kuokoa mafuta. Kwenye injini ya kisasa ya dizeli, gia ikiwa imeshika na mguu umetoka kwenye mafuta, nozeli hazinyunyizi kitu; magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini lazima ijilishe ili isizime, takriban lita 2 hadi 3 kwa saa. Yaani unachoma mafuta ili ujinyang'anye breki ya injini! Malori mengine hutoa gia yenyewe kwenye mteremko mwepesi, lakini hapo kompyuta inajua lini iirudishe. Wewe usiliige.

Kwenye mteremko mrefu, mwendo unachaguliwa juu, kabla lori halijainamisha pua. Gia iwe ndogo, breki ya injini au ritada (kifaa kinachopunguza mwendo bila kutumia breki za mguu) iwe imeshawashwa. Tuseme umechagua kilomita 40 kwa saa. Likifika 40, kanyaga breki ya mguu kwa uthabiti mpaka 32, kisha achia kabisa. Likipanda tena mpaka 40, rudia. Usiache mguu umegusa pedali kidogo kidogo njia nzima. Mguso mwepesi hauyafikii magurudumu yote sawa. Machache yanabeba kazi ya mengine na kuungua kwanza. Dramu ikipata moto inatanuka na kuvikimbia viatu vya breki, kwa hiyo fimbo ya chemba (kopo la upepo linalosukuma breki) inabidi itoke zaidi ili ivifikishe. Ikifika mwisho wake, breki ya gurudumu hilo haipo tena. Na breki ya upepo haikuonyi mguuni: pedali haizami kama ya gari dogo. Utaanza kunusa harufu, halafu utagundua pedali ile ile inakupa breki pungufu. Kumbuka pia kwamba kulisimamisha lori kutoka 60 kunazalisha joto zaidi ya mara mbili ya kulisimamisha kutoka 40.

Ritada nayo ina adabu zake. Inashika magurudumu ya kusukuma peke yake, hivyo barabara ikiwa imelowa na trela ni tupu, ipunguze au izime, la sivyo kichwa kinaweza kujikunja.

Spana iache nyumbani. Zamani ulikuwa unaingia chini ya trela asubuhi kukaza breki. Leo slaki ajasta nyingi (mikono inayounganisha fimbo ya chemba na breki) zinajirekebisha zenyewe, na ukiona fimbo inatoka kupita kiasi ujue kuna kitu kimechakaa au kimekwama. Ukikaza kwa mkono unaficha ugonjwa kwa siku mbili tatu, kisha unarudi ukiwa mteremkoni. Kazi yako ni kupima: weka vigingi kwenye magurudumu, achia breki za kuegeshea, mwenzako akanyage pedali upepo ukiwa bar 6 hadi 7. Kwa chemba ya kawaida ya aina ya 30, fimbo isitoke zaidi ya milimita 51. Ikizidi, ita fundi.

Usingizi nao ulikuwa ukiuvumilia, sasa usijaribu. Saa 8 usiku hadi saa 12 asubuhi mwili unadai kulala hata ukimeza nini, na mtu aliyekesha saa 17 anaendesha kama aliyelewa. Sheria za Umoja wa Ulaya zinadai dakika 45 za mapumziko baada ya saa 4 na nusu za kuendesha. Kichukue hicho kama kipimo, hata kama unakoendesha hawakulazimishi.

Sasa cheti. Muulize huyo jamaa: lori lipo? Trela ina mzigo? Mteremko mtashuka wapi, na mtarudi nyuma na trela mara ngapi? Akikujibu kwamba yote yatafundishwa darasani, anauza karatasi. Wanunuzi ni wengi, na matajiri wanaoipokea bila kumpima dereva ni wengi vilevile, halafu safari ya kwanza wanampa mzigo kamili, usiku, peke yake. Wako mwombe safari za mwanzo ziwe za mchana, na dereva anayelijua lori hilo awe kiti cha pembeni. Akikataa hata hilo, tafuta tajiri mwingine.