Singeli ilianza, ilianzia au ilianzishwa?

SWALI: Naandaa makala kuhusu muziki wa singeli. Nimeandika hivi: "Singeli ilianzishwa Manzese na Msaga Sumu, ikaibuka mwaka 2017." Mwenzangu ananiambia niandike "ilianzia". Kuna tofauti gani? Halafu, ni "singeli imevuma" au "singeli umevuma"?

JIBU: Tofauti ipo, na katika sentensi yako inagusa historia yenyewe. "Kuanzisha" humtaka mtu mwenye nia, aliyeamua jambo liwepo na likawepo. Studio huanzishwa, bendi huanzishwa, tamasha huanzishwa. Ukisema Studio ya Sisso, inayorekodi singeli, ilianzishwa Mburahati, hakuna wa kukusahihisha. Singeli haina mtu wa namna hiyo. Msaga Sumu anaitwa mfalme wa singeli, na heshima hiyo anaistahili, lakini ufalme si uasisi.

Muziki huu ulichipuka miaka ya 2000 katika mitaa ya uswahilini jijini Dar es Salaam: Manzese, Tandale, Mburahati na kwingineko. Vilikuwapo vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha. Madijei walichukua vipande vya taarabu vyenye ala tupu, wakavirudiarudia na kuvikimbiza, na ma-MC wakashika maikrofoni wakachana humo humo. Kasi ikazidi kupanda: leo mapigo 200 kwa dakika ni ya kawaida, na zipo nyimbo zinazokaribia 300. Kazi hiyo ilipita mikononi mwa vijana wengi, katika mitaa mingi, usiku mwingi. Kitenzi "ilianzishwa" kinawafuta wote hao na kumwacha mmoja.

Mwenzako basi yuko sahihi. Katika "kuanzia", kile kiambishi -i- cha kutendea kinabeba mahali, ndiyo maana huna haja ya kusema "ilianzia katika Manzese". "Ilianzia Manzese" inatosha. "Ilianza" iache kwa wakati: singeli ilianza miaka ya 2000.

Na kama utataka kusisitiza mahali, angalia -po na -ko. "Manzese ndipo ilipoanzia" kunaonyesha mahali mahsusi, kana kwamba unaweza kupanyooshea kidole. "Uswahilini ndiko ilikoanzia" kunaacha eneo wazi, likienea kata hadi kata. Kwa singeli ningechagua -ko bila kusita.

Kuhusu asili ya mdundo wenyewe, kitenzi ni "kutokana na". Singeli imetokana na mchiriku na taarabu. Napenda -me- hapa kuliko -li-, kwa sababu uhusiano huo haujakatika. Mchiriku, muziki wa vijana wa pwani wenye mizizi katika ngoma za Wazaramo, ulijengwa juu ya kinanda kidogo cha Casio na ngoma za kasi, na sauti ile nyembamba ya kinanda ingali inasikika ndani ya singeli nyingi. "Ilitokana" si kosa, ila huweka uhusiano huo mbali, kama jambo lililokwisha.

Sasa "ikaibuka mwaka 2017". Hapa ndipo ningependa utulie kidogo. Kuibuka ni kutokea juu baada ya kutoonekana, na swali ni: kutoonekana na nani? Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za Studio ya Sisso, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kuijua singeli. Kwao iliibuka. Kwa watu wa Tandale ilikuwa imewakesheza miaka mingi, na hata kwenye redio za Dar es Salaam ilikuwa imeshapenya kabla ya hapo. Mwandishi wa Kiswahili hana sababu ya kuazima macho ya msikilizaji wa mbali. Andika "ikavuka mipaka mwaka 2017". Kwa umaarufu wa nyumbani, "kuvuma" na "kutamba" vinatosha kabisa. Ningeiandika sentensi yako hivi: "Singeli ilianzia uswahilini Dar es Salaam miaka ya 2000, ikatamba vigodoroni na redioni, kisha ikavuka mipaka mwaka 2017."

Upatanisho ni jambo jepesi. Neno likisimama peke yake huingia ngeli ya I-ZI: singeli imevuma. Ukitanguliza "muziki", muziki ndio unaotawala: muziki wa singeli umevuma. "Muziki wa singeli imevuma" ni kosa, na nalikuta magazetini kila mara. Wingi wake hutumika tunapozungumzia nyimbo: "singeli mpya imetoka" ni wimbo mmoja, "singeli mpya zimetoka" ni kadhaa. Mchiriku na mdundiko (ngoma ya Wazaramo), kwa umbo lake la m-, hufuata U: mchiriku umepigwa, mdundiko umepita. Kigodoro ni KI-VI, kwa hiyo kigodoro kimekesha, vigodoro vimekesha.