Kiwambo cha sauti kwenye mtutu mwembamba

SWALI: Kaka, nimepata kazi ya kuwinda kulungu huku Scotland. Bunduki yangu ni ya risasi za .308, mtutu wake mwembamba na hauna hesi, yaani mistari ya kufungia kiwambo mdomoni. Ninunue kiwambo gani cha kuzuia sauti?

JIBU: Mdogo wangu, anza na mtutu, si kiwambo. Mpelekee fundi bunduki mwenye leseni apime unene mdomoni. Mitutu myembamba ya kuwindia mara nyingi hukatwa hesi ya M14x1, yaani upana wa milimita 14. M18, ya milimita 18, huhitaji chuma kinene. Msisitizie afuate tundu la risasi, maana umbo la nje halinyooki nalo daima. Hesi ikienda upande, risasi itagonga kiwambo kwa ndani. Baada ya kukata, mtutu upimwe upya na kupigwa muhuri kwenye nyumba ya majaribio ya silaha (proof house), London au Birmingham. Bila muhuri huo usije ukaiuza bunduki.

Mimi napenda kiwambo kinachorudi nyuma kuufunika mtutu, kwa sababu hakirefushi sana bunduki. Kabla ya kulipa, waulize polisi cheti chako cha bunduki kinaruhusu nini.

Ukishakifunga, lenga shabaha upya. Na masikio uyazibe, tafadhali: .308 hutoa desibeli zaidi ya 160, kiwambo hupunguza 20 hadi 30 tu. Jioni kivue kikauke. Unyevu hula hesi.