Dirisha la huduma za pamoja kwa waendesha mashtaka Indonesia: lina sheria nyuma yake

Wapo wanaouliza kama dirisha hili, yaani sehemu moja ya kupata huduma za ofisi ya waendesha mashtaka, linategemea waraka wa ndani tu wa Mwanasheria Mkuu wao. Hapana. Msingi ni Sheria Na. 25 ya 2009 ya Huduma za Umma, inayoruhusu taasisi kuunganisha huduma zake sehemu moja, na kuilazimisha iweke viwango vya huduma na kubandika hadharani ahadi ya kuvifuata. Kanuni ya Serikali Na. 96 ya 2012 ndiyo inayoitekeleza. Upande wa haki ya wananchi kupata taarifa ipo Sheria Na. 14 ya 2008 ya Uwazi wa Taarifa za Umma.

Mamlaka yenyewe ya waendesha mashtaka yako kwingine: Sheria Na. 16 ya 2004, iliyorekebishwa kwa Na. 11 ya 2021. Hapo ndipo watu huchanganya. Dirisha haliwapi madaraka mapya, linapanga tu njia ya kuyafikia. Chukua faini za barabarani: trafiki akishika leseni yako na mahakama ikaamua, unaifuata kwa mwendesha mashtaka kwa sababu yeye ndiye mtekelezaji wa hukumu. Ukishalipa, unaonyesha risiti dirishani badala ya kuzungushwa ofisi kwa ofisi. Vielelezo vya kesi iliyokwisha navyo hurudishwa na ofisi hiyo hiyo.

Ila Kanuni ya Rais Na. 97 ya 2014, ambayo wengi huitaja kama msingi wa dirisha hili, ipo zaidi kwa ajili ya vibali na leseni za uwekezaji. Jina linafanana, kwani nayo inaitwa ya huduma za pamoja sehemu moja, lakini mimi nisingeitanguliza.