Land Rover yangu haichaji mpaka nikanyage mafuta

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 110 ya dizeli ya mwaka 1992, napakia dagaa Kibirizi kupeleka Kasulu. Nimenunua betri mpya, nikafunga na altaneta (mashine inayochaji betri) ya mtumba, lakini bado asubuhi stata inazunguka kwa shida. Usiku gari ikiwa sailensa, yaani injini inaunguruma polepole bila kukanyaga mafuta, taa zinafifia; nikikanyaga mafuta kwa nguvu zinang'aa, na hazififii tena. Taa ya betri siku hizi haiwaki kabisa, kwa hiyo nadhani chaji ipo. Nilichobadilisha kingine ni taa za dashibodi tu, niliweka LED za bluu. (Msomaji, Ujiji)

Jibu: Marahaba kaka. Mchawi nadhani ni hizo LED.

Taa ya betri inatakiwa iwake ukifungua swichi, kisha izime injini ikishika. Kwenye altaneta za Lucas za magari hayo, umeme kidogo unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ya kawaida ya kama wati 2 inapitisha wa kutosha. LED inapitisha kiduchu mno, na ikikaa kinyume haipitishi kitu. Altaneta inabaki imelala mpaka uizungushe kwa kasi, ndipo usumaku mdogo uliosalia kwenye rota, sehemu yake inayozunguka, uiamshe. Dizeli yako ikishawaka haihitaji umeme mwingi, ndiyo maana unafika Kasulu bila kujua kwamba taa zote zinakula betri.

Rudisha balbu ya kawaida, kisha fungua swichi bila kupiga stata. Isipowaka, chomoa waya mwembamba nyuma ya altaneta, wa kahawia wenye mstari wa njano, uguse nao bodi ya injini. Ule mnene wa kahawia usiuguse, una moto wa betri muda wote. Taa ikiwaka hapo, waya ni mzima na kasoro iko ndani ya altaneta, mara nyingi kaboni zinazopeleka umeme kwenye rota zimeisha. Isipowaka, tafuta fyuzi au waya uliokatika.

Sasa mita. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, kwenye teminali za betri upate kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti) imekufa na maji ya betri yatachemka. Ukipata 14.3 kwenye altaneta lakini 13.2 kwenye betri, volti zinapotelea njiani: piga msasa teminali, na usisahau waya wa ethi (wa kurudisha umeme) kati ya injini na chasisi, maana kwenye Land Rover za umri huo huliwa na kutu.

Kuna mafundi wanaopima chaji kwa kuchomoa teminali ya betri injini ikiunguruma. Usikubali. Volti hupanda ghafla na kuua dayodi za ndani ya altaneta, halafu unauziwa altaneta nyingine.

Betri yenyewe ipeleke ikachajiwe kwa chaja usiku kucha kabla ya kupima chochote. Na altaneta ya zamani kama bado unayo, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu, huenda ni nzima. Hizo LED ziache kwenye spidomita, pale hazina madhara.